Namna Alivyoshindwa Manama

Chuoni Ibra mazoezi yalianza baada ya Isha,
jua limekwisha kuuacha uwanja, saruji haijaliacha jua:
ukivua kiatu, unyayo unakwambia mchana ulikuwaje.
Kocha Mselem alikuwa amefika zamani,
na fagio la makuti, na ndoo ya mipira iliyonyonyoka manyoya,
akiufagia mchanga toka mstari wa nyuma hadi wavuni
kama mtu anayemtandikia mgeni.

Hakuwa msemaji.
"Magoti." Hilo lilikuwa somo la mwezi wa kwanza.
"Macho." La mwezi wa pili.
Mwezi wa tatu akasema, "Pumua,"
tukajiona tumehitimu.

Alitufunza kwa Kiarabu, akabishana na waamuzi kwa Kiingereza.
Ila mechi ikikaza
midomo yake ilicheza peke yake kando ya uzio,
na wenzangu wakanong'onezana: anasoma dua.
Mimi nilinyamaza. Nilimsikia bibi yangu mle.
Mwache aje. Mwache aje, mwanangu, usiuparamie,
mpira si mkate wa kumimina useme utapoa.
Kiswahili cha Wete,
kilichopanda ndege na mama yake mwaka wa sabini na mbili
kikapita uhamiaji bila kugongwa muhuri.
Siku moja nikamjibu: "Nimesikia, Kocha."
Akageuka kama aliyefumwa na kidole kwenye kopo la sukari.
Tangu usiku ule nikapangiwa mkono wa nyuma, mara mia mbili.

Ofisini kwake, juu ya friji ya maji, picha moja tu:
kijana mwembamba, kaptura fupi za miaka ile,
raketi ya mbao, masharubu yanayojaribu.
Nusu fainali, Manama.
Seti ya mwisho aliongoza tano kwa mbili.

Wageni wa timu aliwaambia: goti.
Akakunja suruali, akawaonyesha kovu.
(Kovu ni la kweli. Pikipiki ya binamu yake, Mudhairib.)
Mkuu wa chuo na wazazi aliwaambia: upepo,
upepo wa kule hauna adabu, unahama upande mpira ukiwa hewani.

Mimi aliniambia ndani ya basi, tukirudi kutoka Sohar,
nimetoka kushindwa mechi niliyokuwa nimeishika mkononi.
Wenzetu wamelala vinywa wazi. Taa za Bidbid zinapita.
Akanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa,
akasema bila kunitazama:

"Nilitupa macho jukwaani. Baba alikuwapo.
Hakuwahi kuja. Mpira kwake ulikuwa mambo ya watoto na Wazungu.
Amekaa wima, bakora katikati ya magoti, hapigi makofi.
Nikawaza: nikishinda leo, atakuja kila mara.
Michezo mitano ikanitoka mmoja mmoja,
kama watu wanaotoka msikitini, bila haraka, wakitafuta viatu vyao."

Basi likapanda mlima. Nikamwuliza: akaja tena?

"Hapana."
Akakifuta kifuniko kwa ncha ya kanzu.
"Kesho saa mbili usiku. Magoti yako leo yalikuwa ya mbao."

Miaka ishirini na tisa, na vikombe vinne
ambavyo viwili ni vya mchezo wa haki.
Walimuaga kwa saa ya ukutani
na bamba la shaba lililokosea jina la babu yake.

Mwezi uliopita nilikwenda. Nilimkuta nyuma ya karakana,
peke yake, mvi, pumzi fupi, anapiga ukutani,
anahesabu kwa sauti sasa, hajali nani anasikia:
kumi na tano, thelathini, thelathini sare.

"Nani anaongoza?"

"Ukuta."
Akaudaka mpira, akaufikicha kwenye paja.
"Lakini huu simwogopi baba yake."

Akanirushia raketi ya pili.
Nyuzi zilikuwa zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo.
Sikumwambia.
Nikakunja magoti.