Hakupatikana Anayefaa

Mimi ni tarishi. Kazi yangu ni kikombe na faili,
kusukuma mlango kwa bega, mikono ikiwa imejaa.
Miaka ishirini na mmoja katika jengo hili
nimejifunza kutembea viatu visisikike.

Mwaka huu walitangaza mahakimu wa daraja la chini,
viti thelathini na sita;
kumi na kimoja vimetengwa, ndivyo sheria isemavyo,
kwa Wagondi, Wabaiga, Wakorku, watu wa misitu.
Vimetengwa. Chakula cha mtu nacho hutengwa hivyo,
kikafunikwa kawa,
kisha mwenyewe akasimamishwa mlangoni
mpaka waseme hakuja.

Usaili ulikuwa Februari. Ukungu ulikuwa haujaondoka mtoni Narmada
walipofika na vyeti vyao ndani ya plastiki.
Mmoja alivaa koti jeusi la kuazima,
mikono yake ikimfunika hadi kucha.
Sukhmati Dhurwe. Fomu yake niliipanga mwenyewe:
mtihani wa kuandika amepita,
sheria ya ushahidi, sabini na nne.
Aliniomba maji. Akayamimina kooni kutoka juu,
ukingo wa glasi usimguse mdomo.
Nikamwambia, gusa tu, binti, glasi ni yangu.
Hakugusa.

Nikaingia na chai. Walikuwa wanne.
Baba yako anafanya kazi gani?
Anachuma majani ya tendu, mheshimiwa, ya kusokotea bidi.
Mwingine akamuuliza kwa Kiingereza, akajibu kwa Kiingereza,
polepole, kama mtu avukaye mto
akipapasa jiwe kwa unyayo.
Jibu lilikuwa sahihi. Najua,
kwa kuwa aliyeuliza alitikisa kichwa kukubali
kabla hajakumbuka kutokubali.
Dakika saba. Aliyemtangulia, mtoto wa wakili,
alikaa hadi biskuti zikaisha.

Anayetaka kiti apate ishirini kati ya hamsini.
Walimpa kumi na tisa na nusu.
Nusu!
Hata muuza dengu wa sokoni kwetu
akishapima hukuongezea kiganja.

Orodha ikatoka Aprili. Niliibandika mimi, kwa pini nne.
Viti ishirini na vitano, majina ishirini na matano.
Mbele ya vile kumi na kimoja, mstari mmoja, chapa safi:
hakupatikana anayefaa.

Hakupatikana? Alitafutwa wapi?
Alikuwa korido ya pili, benchi la chini ya feni mbovu,
bahasha mapajani, tangu saa moja na nusu.

Na huko kufaa, kumfaa nani?
Wiki hiyo alikuja mzee Budhram Marskole,
kesi ya shamba lake na Idara ya Misitu, safari ya tisa.
Karani akamwambia hakimu hakuna,
nafasi iko wazi, rudi Julai.
Mzee akasema neno moja kwa Kigondi.
Mle ndani nililielewa mimi peke yangu,
nikajifanya nahesabu vikombe.

Maana nami niseme langu, ingawa halinipendezi:
niliingia hapa kwa nafasi hizohizo za kutengwa.
Mwaka wetu, utarishi, ufagizi, ulinzi wa geti,
zilijaa zote kabla ya adhuhuri.
Hakuna aliyetupima kwa nusu.
Tulipatikana upesi. Tulifaa sana.

Jana Sukhmati alikuja kusoma ubao.
Alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari,
kisha akaniuliza fomu mpya zinatoka lini.
Nikamwambia Septemba; na vile kumi na kimoja
vinabebwa kwenda mwakani, juu ya vya mwaka juzi.
Akaandika tarehe kwenye kiganja.
Nikampa maji. Safari hii aligusa,
akanywa yote, akanirudishia glasi
ikiwa na alama ya mdomo.

Saa nne kengele ya kamati ikalia.
Niliwapelekea maji kwa glasi ileile.
Sikuiosha.