Sikio la Kushoto

Bwana Sechonge alileta mashine ndani ya kiroba cha mchele,
Ngamiani, Barabara ya Saba,
umeme umerudi dakika ile ile.
"Nataka redio, matangazo ya vifo yasinipite,
na nataka binti yangu wa Mtwara. Vyote kwa pamoja."

Nikaanza na ALSA, mkongwe asiyepamba maneno.
Sauti kavu, safi, kama maji ya bomba alfajiri.
Lakini kwenye kadi yake kuukuu mlango ulikuwa mmoja:
redio ikiingia, binti anabisha hodi
mpaka anakata simu.

Nikamwita PulseAudio, mpatanishi.
Akawakalisha wote kwenye mkeka mmoja, sikatai,
ila midomo ya binti ilishafumba
ndipo neno likaja,
kama mtu aliyerudi kufuata kandambili.

JACK nilimjaribu kwa kiburi changu tu.
Wa studio huyo, kila waya umwoneshe
unakotoka na unakokwenda.
Bwana Sechonge akatazama nyaya kwenye kioo, akacheka:
"Nimekaa reli miaka ishirini na sita.
Hii ni Korogwe, siku ya treni mbili."

Mwisho PipeWire, kijana
anayejua lugha za wenzake wote,
hakumfukuza mtu.
Nikamvisha mzee hedifoni, nikajitia ufundi:
redio kushoto, binti kulia,
kila mtu na chumba chake.
Midomo na neno vikatoka sawia.
"Baba, wanisikia?"

"Amefariki mtu wa Pongwe," akajibu.

Nikapandisha, nikashusha,
nikazima, nikawasha,
nikaisoma kumbukumbu ya makosa mstari kwa mstari.
Haikuwa na kosa.
Ndipo nikakiona kiganja chake:
kinabonyeza upande mmoja tu.
Sikio la kulia aliliacha kazini,
kwenye honi ya injini,
mwaka ambao hakuutaja nami sikuuliza.

Nyaya mbili tu nilizipishanisha.
Redio nikaipeleka kulia,
ikatangaze huko peke yake;
binti nikamhamishia kushoto.

Nilikuwa na hotuba tayari, mfumo gani bora na kwa nini.
Hakuihitaji.
Alisogeza kiti, akafumba macho,
na Mtwara ikaingia nzima.