Punje

Safu ya kumi na saba ya kawa hii imepinda.
Wekundu umeingia mahali pa weusi
kama mtu aliyekaa msikitini na viatu.
Mnunuzi kutoka Kampala aliiona, akaomba nipunguze bei.
Nikamwambia: hii haiuzwi, mama, chagua nyingine.

Hapo ndipo mkono wangu ulipoachia.

Jumanne, Bombo, baada ya adhuhuri.
Mimi na ukindu wangu, Almasi ubavuni pangu
na karanga nilizomenya kwa ajili ya mchuzi.
Miaka miwili na miezi minne. Alicheka.
Ndiyo yote. Alicheka, na kicheko kikavuta punje.

Sijui kama umewahi kuusikia ukimya
ukitoka kinywani mwa mtoto aliyefungua mdomo wote.
Nilimpiga mgongoni. Nilimpindua kichwa chini.
Bakhita alikuja na mafuta, mama Rehani na maji,
wengine na ushauri.
Kisha hewa ikapenya, nyembamba, ikipiga mluzi.
Nesi wa zahanati aliweka sikio kifuani,
akatamka neno moja: Mulago.

Mwenye bodaboda aliitwa Kaggwa, jina la pili silijui.
Rozari ilining'inia kwenye kioo chake.
Gurbaba yangu ilinaswa na mnyororo pale Matugga;
akashuka, akaikata kwa kisu cha maembe,
hakuomba radhi, akapanda, tukaenda.
Kila tuta nililitukana.
Kumbe tuta la Kawanda ndilo lililomkohoza,
na midomo ikarudiwa na rangi yake.
Nilitukana mkono uliokuwa ukinisaidia.

Dua nilizofunzwa zote zilinitoroka.
Nilisema tu: Ya Rabi, moja.
Ikija, naomba nyingine.
Moja tena. Moja tena,
bila haya, kama mtoto wa dukani anayedai peremende.
Mbele yangu Kaggwa naye ananong'ona kwa Kiganda,
na upepo ukizichanganya dua zetu
hata sijui ipi ilitangulia kufika.

Saa nne usiku daktari, msichana mdogo kwangu,
alinikabidhi kichupa. Ndani, punje.
Nusu punje, kusema kweli, imevimba.
Nilitaka kumbusu mikono; alikuwa anapiga miayo.

Ningeishia hapa, kama hadithi za wenye bahati.

Lakini kitanda cha pili alikuwepo Nakimera wa Luweero
na mtoto wake, Lwanga, aliyechemka siku tatu.
Aliomba kuliko mimi. Nilimsikia.
Alfajiri shuka lilivutwa hadi juu.
Alipokuwa akifunga mizigo alinisogezea beseni la bluu,
akasema: chukua, kwangu halina kazi tena.

Sasa watu wakija na sukari na pongezi,
wakisema, Mungu anakupenda, Zamuda,
nasema alhamdulillahi, kisha nanyamaza.
Na yule, hakumpenda?
Nimeuliza kwenye sijda, nimeuliza jikoni.
Jibu sijapewa. Nashukuru hivyo hivyo,
kwa sauti ya chini,
kama mtu anayekula mbele ya wenye njaa.

Saumu tatu nilizoahidi nimezifunga,
nikaongeza ya nne, isiyo na ahadi, ya Nakimera.
Kaggwa alikataa nauli; nilimsukia kawa,
akaniuliza afunike nini, yeye hana hata sahani.
Tukacheka mpaka nikalia.

Usiku naamka kuhesabu.
Kifua cha Almasi kinapanda, kinashuka, kinapanda.
Wajuzi wasema imani ni kulala usingizi.
Yangu inakaa macho, mkono juu ya mbavu ndogo.

Na jioni namwogesha katika beseni la bluu.
Kabla ya maji nalitaja jina: Lwanga.
Almasi anadhani ndivyo beseni linavyoitwa.
"Mama," ananiita, akipiga maji kwa viganja,
"Lwanga amejaa."