Mwiko

Tangu Februari, viatu vilipomkataa Hilaria
kwa miguu iliyoumuka kama unga wa mkate,
nimeshika mwiko,
na miiko imenishika.

Mimi Nicanor, mkulima wa viazi, Ilave,
miaka thelathini na mmoja ndani ya ndoa
bila kujua kopo la chumvi linakaa rafu ipi.
Sasa najua: linakaa kwa jirani.
Nimelihamisha mwenyewe.

Zahanati ya kwanza walitupa karatasi
iliyochapwa Lima: samaki wa bahari, tufaha,
mafuta ya zeituni katika chupa nyembamba.
Hilaria aliisoma mpaka mwisho, akaikunja,
akaisukuma chini ya mguu wa meza unaochechemea.
"Hapo," akasema, "imefanya kazi."

Wa pili alikuwa Yovana Chambilla, binti wa Acora,
koti jeupe, kucha zenye udongo.
Hakutuambia kitu. Aliuliza.
Nani anapika?
Jibini mnanunua au mnagandisha wenyewe?
Nyama ya kukausha, chumvi viganja vingapi?
Jumapili sokoni mnakula nini mkiwa mmesimama?
Na ile soda nyeusi, Mama Hilaria, usinifiche.
Hilaria akatazama dari.
"Mbili," akasema. "Kwa siku."

Ndipo akaandika kwa mkono, jina lake juu kabisa:
si lishe ya figo, lishe ya Hilaria.
Yai, ndiyo. Maharage, kikombe hiki, si bakuli lile.
Maji, ya kupimwa kwa chupa.
Alipofika kwenye viazi kalamu ikasita.

Alijua anaongea na nani.
Tunavyo vyekundu, vyeusi, vya zambarau,
vingine vina macho mengi kuliko wambea,
na kila kimoja, akasema taratibu, kimebeba potasiamu
ambayo damu ya mkeo haina tena pa kuitupa.
Menya. Kata vidogo. Chemsha, mwaga maji.
Chemsha tena. Mwaga.

Nikamwaga wiki tatu. Nikamwaga ladha uani,
kuku wakaja, wakaonja, wakaenda zao.
"Unanilisha mvuke," Hilaria akasema,
nami sikuwa na jibu, nilikuwa na sufuria.

Halafu Juni, sakitu.
Mama mkwe, ambaye hajawahi kupimwa chochote,
alitandaza viazi nje usiku, baridi ikaviuma hadi kiini,
akavizoa kabla jua halijaviona,
tukavishusha mtoni ndani ya nyavu
karibu mwezi mzima chini ya maji yaendayo.
Nilisimama ukingoni, suruali imekunjwa, nikawaza:
huu mto nao si sufuria?
Huyu bibi alikuwa akimwaga maji
kabla Yovana hajazaliwa.

Nilimpelekea tunta tatu katika leso,
nyeupe, nyepesi kama chaki.
Alizigonga mezani, akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Kidogo," akasema. "Ale kidogo, halafu tuiulize damu."
Damu ilijibu, safari hii kwa sauti ya chini.
Figo hazikupona; hakuna aliyetuahidi hilo.
Namba moja imeshuka,
nyingine imesimama palepale kama punda.

Jana ubatizo kwa dada yake. Supu ililetwa,
imekolea chumvi, inanukia mnanaa na mafuta ya kondoo.
Nilimwona akichota. Vijiko viwili, labda vitatu.
Nikageuka kuangalia kondoo wa watu.

Usiku akaniuliza gizani: "Uliona?"
"Niliona nini?"
Akacheka mpaka kitanda kikalia.

Asubuhi niliamka kabla yake,
nikaloweka tunta, nikatoa yai chini ya kuku.
Chupa ina mstari aliouchora kwa rangi ya kucha.
Nilimimina polepole, nikapiga magoti,
jicho langu usawa mmoja na maji.