Mpera wa Nyuma ya Choo

Namiiro, unaniuliza kwa nini huu ni mpera,
shavu limevimba, mbegu zimenasa menoni.

Jina si lake.
Mreno aliliona tunda, akakumbuka pea la kwao,
kitu kingine kabisa, cha nchi za baridi,
akalitwisha hili jina la lile.
Kama yule karani wa gombolola
aliyemwandika babu yako Sserunjogi "Serujoji",
na hati ya shamba mpaka leo yasema hivyo.

Visiwani ulikochipukia waliuita guayaba.
Wengi waliolitamka hivyo
hawakuachwa hai walitamke tena.
Mti ukapanda merikebu, kimya.

Hapa Nyendo hakuna aliyeupanda.
Ndege alidondosha mbegu, mvua ikamaliza kazi.
Mama yako alikuwa akichuma majani yake
atuchemshie tumbo likituendesha.
Fimbo za mwalimu Kaddu zilitoka humo humo;
mgongo wangu unalijua jina lake la tatu,
lakini si la kumtajia mtoto.

Sisi twasema mapeera,
tukiivuta ile e
kana kwamba tumeizaa wenyewe.

Usilitupe hilo lililopondeka. Pasua.
Waridi ndani, funza mmoja, na harufu
inayofika hadi barabara ya Mbarara.

Uite utakavyo, mwanangu, hautageuka.
Ila tikisa tawi lile la chini,
halafu kinga gauni.