Meza 373

Mashini ilivuka Ruzizi ndani ya kikapu cha nyanya,
kioo kina ufa, herufi N imeng'oka.
Shangazi Cibalonza aliilipia kwa miezi minne ya sambaza;
hadi leo kibodi inanuka ziwa.

Linux niliiweka mwenyewe, kwa flashi ya kuazima.
Programu ya hisabati ni huria, haidai senti,
ila mega si za bure:
mia saba arobaini, nazo hushuka usiku wa manane tu,
Kadutu ikilala na mtandao ukipata pumzi.

Saa saba. Dirisha jeusi. Naandika amri,
linataka neno la siri, nalitoa bila kuliona,
kama anayemnong'onezea mlinzi gizani.
Likajibu: kifurushi hiki kinategemea kile.
Kile kinategemea kingine, na kingine kingine,
kama madeni ya mtaani kwetu:
Mama Nshobole ananidai unga, mimi namdai Zihindula,
Zihindula anamngoja mjomba aliye mgodini Kamituga.
Asilimia sitini na mbili.
SNEL wakachukua moto wao.

Nikafunga mashini taratibu, kama anayefunika sufuria.

Usiku wa pili ikaanzia palepale ilipokatikia.
Alfajiri mistari ikatulia, kikabaki kialama
kinapepesa, kinapepesa:
uliza.

Nilikuwa nimeandaa maswali makubwa ya mtihani.
Yote yakanitoka.
Shangazi anakaza kitenge, ndoo iko miguuni:
"Iulize namba ya meza yangu sokoni."
373. Igawanye.
Ikajibu kabla sijainua kidole: 373.
"Imesema nini?"

Nikameza mate.
Kwenye hesabu huitwa namba tasa.

Neno hilo analijua. Ndilo lililomrudisha kutoka Walungu
na godoro moja, mvua ikinyesha.
Nikaharakisha: yaani haigawanyiki, shangazi,
ila kwa moja, na kwa yenyewe.

Kimya. Kisha:
"Na Nabintu, wa 374?"
Mbili, kumi na moja, kumi na saba.
"Kweli," akasema, "anao watatu,"
akacheka hadi akaegemea ukuta.

Akajitwika ndoo. Mlangoni akageuka nusu,
maana shingo yenye mzigo haigeuki yote:
"Na za aina yangu, ziko nyingi?"
Hazina mwisho.
"Aa," akasema,
akaanza kushuka mteremko, mguu kwa mguu,
kwenye utelezi.