Mgaya, Watu Sita

Simu iliita saa nne asubuhi, kitunguu kikiwa mkononi.
"Andika Mgaya. Watu sita. Saa moja jioni.
Meza iwe karibu na jiko, mbali na mlango,
na tafadhali, isiwe ile yenye mguu mfupi."
Nikaandika MGAYA – 6, kwa kalamu ya kuazima,
nisiulize Mgaya yupi,
mimi mgeni wa Njombe, mwezi wa pili kazini,
nisiyejua kwamba ukirusha jiwe sokoni hapa
litampata Mgaya,
na atakayekugombeza ni Mgaya pia.

Julai hapa hakuna aombaye meza ya dirishani.
Dirisha lina ukungu, na nje yake
kuna ukungu mwingine.
Watu huomba moto.
Tuna majiko matatu ya mkaa, meza kumi na moja.
Hesabu ifanye mwenyewe.

Saa kumi na moja akaingia bibi mmoja, peke yake.
"Kamwene. Mgaya, watu sita."
Akakagua miguu ya meza kama anayenunua mbuzi,
akaketi, kisha akavigawia viti mali yake:
hiki mwavuli, hiki mkoba,
hiki kikapu cha viazi, hiki kitenge kilichokunjwa,
na cha tano, karibu kabisa na jiko, akakiwekea
sweta jipya la mtoto, lebo ingali shingoni.
Kila aliyeshika mgongo wa kiti aliambiwa kwa upole,
"Kina mtu."

Kina mtu.
Nilipita na sahani mara tisa
nikiwaheshimu mwavuli na mkoba.

Saa moja kasorobo, wanaume wanne wa parachichi,
matope ya Lupembe hadi magotini.
"Tumeweka nafasi. Mgaya."
Walimwambia mwenye mgahawa Jumapili, mlangoni pa kanisa,
naye daftari lake ni kichwa chake,
na kichwa siku hiyo kilikuwa Songea, msibani.
Sijamaliza kuomba radhi, kijana na mchumba wake,
yeye kavaa koti la kaka yake, mikono imemzidi:
"Mgaya. Wawili. Karibu na moto kama mlivyoahidi."

Nikalifungua daftari, nikalifunga.
Daftari lina mstari mmoja,
na mstari una jina moja,
na jina lina watu saba wamesimama wananitazama,
ukimhesabu bosi wangu, ambaye ameolewa huko.

Bibi akauliza bila kugeuka, "Mgaya wa wapi?"
"Lupembe."
"Lupembe kwa nani?"
Wakataja baba, wakataja babu, wakafika kwenye mto fulani
ambao mimi siujui, na hapo akacheka.
"Na wewe wa koti?"
"Uwemba, bibi."
"Uwemba mlituchelewesha ng'ombe mmoja. Kaeni."

Mwavuli ukashuka chini. Mkoba ukashuka.
Kikapu, kitenge.
Wazee wa parachichi wakapanga magoti yao chini ya meza,
kijana akakalia kreti la soda,
na mchumba, alipofika kwenye kiti cha tano,
akalichukua sweta, akalipakata,
akala nalo hivyo hivyo, kwa mkono mmoja, bila kuuliza.

Saa tatu simu ikaita. Sauti ya mwanamke, na upepo.
"Mimi Vaileti, niliyepiga asubuhi. Mama alifika?
Lori limelala Kitonga, tumekaa hapa tangu mchana.
Mwambie asingoje. Mwambie ile meza muwape wengine."
Nilitazama. Mafuta ya kuku yalikuwa yanang'aa
kwenye videvu vyote.
Nikasema, "Amefika. Meza imejaa."
Akanyamaza kidogo.
"Imejaa na nani?"

Sikuwa na jibu fupi.
Nikasema Mgaya.

Siku hizi anayepiga simu namwuliza jina,
kijiji, na jina la babu.
Wengine hukasirika, wakakata.
Mstari wa jioni ile sijaufuta,
ila ile sita nimeichora mkia
ikawa nane, kwa sababu ya sweta.